Bandi Kwanza, Pasi Baadaye

Mama aliponiuliza kwenye simu nimepata kazi gani huko Glasgow, nilimjibu bila kuzunguka: napiga pasi sketi za wanaume. Kukawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Za wanaume?"

"Ndiyo, mama. Wanavaa harusini. Zinaitwa kilti."

"Zina marinda?"

"Zina marinda. Moja inaweza kuwa nayo ishirini na saba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umepanda ndege kuifuata adhabu yako ya Jumapili."

Adhabu hiyo wengi mnaijua. Nyumbani kwetu Tanga, Jumapili jioni ilikuwa zamu yangu ya pasi, na kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kunieleza, zamu hiyo haikuhamia kwa mtu mwingine. Mashati meupe, kaptura ya kaka, na sketi tatu za bluu za shule, yangu na za wadogo zangu wawili. Kaptura ilikuwa kazi ya dakika tano. Sketi ndizo zilizonimalizia usiku, kwa sababu ya marinda. Pasi yetu ilikuwa ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma kwenye komeo la mbele. Unaijaza makaa, unatoka nayo uani, unaibembeza ishike moto, unairushia tone la maji uisikie inavyolia. Unaipitisha juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze. Halafu unamwomba Mungu cheche isidondokee shati.

Marinda niliyapanga kwa vidole, moja baada ya jingine, nikaburuza pasi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, fastafasta, kabla makaa hayajazimika. Siku ambazo hakukuwa na mkaa, sketi ilitandazwa chini ya godoro, tukailalia, asubuhi ikatoka imekatika mistari kama imetoka kwa dobi. Kwa hiyo nilipoingia kwenye chumba cha nyuma cha lile duka la kukodisha na kushona kilti, nilijiona fundi. Marinda? Marinda mimi nimezaliwa nayo.

Ndani ya chumba kile alikuwemo mama mmoja mzee ambaye alikuwa ameshona kilti kwa mkono tangu ujana wake. Simtaji jina, hapendi mambo ya mtandaoni. Siku ya kwanza akaniita "hen". Nikamkazia macho. Hen ni kuku jike! Nilitembea na hasira yangu kwa siku mbili, mpaka nikamsikia akimwita hivyo hivyo binti yake, mteja aliyekuja kulipa, na dada anayeleta barua. Kwa watu wa Glasgow ni kama sisi tunavyosema "mwanangu" au "dada'angu". Hasira ikaisha, ila jina likabaki linanichekesha, maana nimekua na pasi yenye jogoo kisha nimeishia kuwa kuku.

Kwa asiyewahi kuishika kilti, niieleze kidogo. Ile ya sufu iliyoshonwa kikamilifu inakula kitambaa cha yadi 8, yaani kama mita 7.3. Unganisha doti mbili za kanga ncha kwa ncha, bado hazifiki. Urefu huo wote unamzunguka mtu mmoja. Mbele kuna vipande viwili bapa vinavyolaliana, cha juu kikifunika cha chini, vinafungwa kwa mikanda ya ngozi na bizimu pembeni. Kitambaa kingine chote kimekunjwa nyuma kuwa marinda, yote yakilalia upande mmoja kama kurasa za kitabu. Sehemu ya juu, kuanzia kiunoni hadi kwenye nyonga, marinda yameshonwa moja moja kwa sindano ya mkono, yakibanwa kidogo kidogo kuelekea kiunoni ili nguo ifuate umbo la mtu. Kitambaa cha ndani kinachozidi hapo hukatwa, pakawekwa kitambaa kigumu cha singa za farasi, juu yake bitana. Kuanzia nyonga kwenda chini, marinda yako huru kabisa. Kilti ya sufu nzito ina karibu kilo mbili, na uzito wote huo unaning'inia bila mshono wa kuushika. Hata upindo haina. Ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo wa kufumia ndio mwisho wa nguo.

Halafu kuna mistari. Tartani ni mchoro wa mistari inayokatana, unaojirudia kila baada ya sentimita kadhaa, na fundi ana njia mbili za kuukunja. Ya kwanza, anakunja ili sehemu zinazoonekana za marinda, zikikaa pamoja, ziunde upya mchoro uleule, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Ukisimama nyuma ya mtu huoni tofauti na mbele. Mchoro ukiwa na upana wa sentimita 18 na kila rinda likionyesha sentimita 2, sentimita 18, yaani mchoro mmoja mzima, zimejificha ndani, na rinda linalofuata linaanza pale hasa mchoro unapoendelea. Ya pili ni ya kijeshi: mstari mmoja unachaguliwa na kuwekwa katikati ya kila rinda, kwa hiyo nyuma panakuwa na mistari ya wima tu, na mtu akitembea, rangi zilizojificha zinachungulia na kupotea. Mimi naipenda hii ya pili. Wanaoenda harusini wengi wanataka ya kwanza.

Umeona hatari iko wapi. Kwenye sketi ya shule ya rangi moja, rinda likihama nusu sentimita hakuna anayejua zaidi yako na Mungu. Kwenye tartani mstari unakusemea.

Wiki yangu ya tatu ikarudi kilti ya sufu iliyonyeshewa usiku kucha kwenye sherehe ya nje. Marinda yalikuwa yamefunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Ilitakiwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama mzee alikuwa ametoka. Nikaitandaza kwenye meza, nikapanga marinda kwa vidole, nikaweka pasi ya mvuke kwenye moto mkali, nikaburuza kutoka juu hadi chini kama nilivyofundishwa na maisha. Dakika ishirini. Nikaitundika, nikajipongeza.

Aliporudi hakusema neno. Aliigeuza taratibu, akaipeleka dirishani, akaniita. Marinda yalianza vizuri pale juu, lakini kadiri yalivyoshuka yalikuwa yanakwenda upande, kila moja likimsukuma mwenzake, mpaka kwenye pindo mistari ya tartani ilikuwa imelala mshazari. Kila rinda lilikuwa na makunyanzi mawili yanayokimbizana, lile la zamani na lile langu. Na juu ya nyonga, mahali nilipokandamiza sana, kulikuwa na doa linalong'aa, umbo la pua ya pasi.

"Hen," akasema, "umeanza na pasi."

Sikuelewa. Ningeanza na nini?

Akafungua droo akatoa kibunda cha uzi mweupe wa pamba, ule laini unaokatika kwa kuvutwa, pamoja na sindano ndefu. Bandi, yaani mshono mrefu wa muda. Neno hilo nililijua kutoka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, aliyekuwa anapiga bandi suti kabla ya kuzishona. Sikuwahi kumwona mtu akiipigia bandi nguo ambayo tayari imeshashonwa. Lakini ndivyo kilti mpya inavyomfikia mwenyewe kutoka kwa fundi mzuri: marinda yamefungwa kwa nyuzi nyeupe, na mwenyewe anazitoa kabla ya kuivaa. (Wapo wasiojua, wanaingia nazo kanisani. Nimewaona.) Na kila kilti inapohitaji pasi ya kweli, nyuzi hizo hurudishwa.

Kwanza ilibidi tufute dhambi zangu. Aliitundika, akaipuliza mvuke bila kuigusa, ndani na nje, mpaka sufu ikalegea na yale makunyanzi ya uongo yakaanza kusahau. Hapo ndipo aliponieleza jambo lililonifanya niielewe kazi yangu, na nikagundua nilikuwa nalijua tayari, ila kwa upande wa saluni. Sufu ni nywele. Ni nywele za kondoo, zimetengenezwa kwa protini ileile ya nywele na kucha zetu, keratini. Ndani yake kuna vifungo dhaifu vya haidrojeni vinavyoshika umbo. Maji na joto vinavifungua, na nyuzi zikipoa na kukauka vinajifunga upya katika umbo lolote zilizokuwamo wakati huo. Dada yeyote aliyenyoosha nywele kwa pasi ya nywele kisha akanyeshewa akiwa kituo cha daladala anaijua sayansi hii kwa uchungu. Vipo pia vifungo vya salfa, vyenye nguvu zaidi, ambavyo dawa za saluni za kunyoosha na za kutia mawimbi huvivunja ili umbo lidumu hata baada ya kuosha. Pasi ya kawaida haifiki huko kirahisi. Kwa hiyo rinda la kilti ni kama nywele zilizoseti: linakumbuka, mpaka likutane na mvua.

Na umbo linashikwa wakati wa kupoa. Hilo ndilo lililonipita miaka yote ya jogoo wangu. Nilidhani moto ndio unaofanya kazi, kumbe moto unafungua tu. Rinda ukilisogeza likiwa bado na joto, umeliambia likumbuke kule ulikolisogezea.

Tukapiga bandi. Kitambaa kimetandazwa mezani, ndani kukiangalia chini, na unaanza pale mshono wa juu unapoishia. Unalifuata rinda moja kwa macho hadi kwenye pindo, na kinachokuongoza ni mstari wa tartani wenyewe: mstari ukinyooka, rinda limenyooka, huhitaji rula. Unalishikiza ukingo wake kwa jirani yake kwa mshono mmoja mrefu, unaenda la pili, la tatu, mpaka mwisho. Hupenyezi sindano kwenye matabaka yote, unachukua ukingo na kilicho chini yake tu, la sivyo unakunja kitu usichokiona. Safu moja chini kidogo ya nyonga, moja katikati, moja vidole vitatu juu ya pindo. Ikiwa kilti ni ndefu au sufu ni nyepesi, safu nne. Kazi hiyo ilituchukua karibu saa nzima, na muda wote pasi ilikuwa imezimwa.

Nikamuuliza kwa nini uzi mweupe wakati mweusi hauonekani. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji yanashuka. Unatakiwa uonekane ili usiusahau, na hauna rangi ya kuchujia kwenye sufu ikilowa.

Pasi ilipokuja hatimaye, ilikuja kwa unyenyekevu. Tulianza ndani. Kilti imepinduliwa, kitambaa cha pamba kimeloweshwa na kukamuliwa vizuri kikatandazwa juu, pasi ikawekwa. Ikawekwa, haikuburuzwa. Sufu yenye unyevu inavutika kama unga wa chapati, na ukiiburuza unaipeleka unakotaka wewe na siyo inakotaka rinda. Unaweka, unahesabu mpaka kumi, unanyanyua, unahamia pembeni. Mvuke ukishapanda, mama mzee anashusha juu yake kipande cha mti mgumu kilichopigwa msasa, kizito kama tofali, anakiacha. Mti unanyonya mvuke na kuubana ukingo wakati unapoa. Hapo ndipo tulipokuwa tunakunywa chai, na alitaka nielewe kwamba chai ile ni sehemu ya kazi. Baada ya ndani ukaja upande wa nje, kwa kitambaa kilekile na mkono mwepesi zaidi. Kisha bandi ikatolewa, kwa sababu nyuzi zenyewe huacha alama ndogondogo kwenye sufu, na pasi ya mwisho ikapita juu ya zile alama, mvuke tu, bila kukandamiza.

Eneo la juu lililoshonwa hatukuligusa kwa pasi bapa. Lile lina umbo la makalio ya mtu, limeshonwa hivyo kwa makusudi, na ukilibapaza umelitia duka hasara. Linawekwa juu ya mto mgumu wa mviringo na kupulizwa mvuke. Lile doa langu la kung'aa lilikuwa nyuzi zilizobapazwa. Tulilipuliza mvuke, tukalisugua kwa brashi laini, likapungua. Halikuisha. Nalijua lilipo mpaka leo.

Jambo jingine dogo lililoniponza ni meza. Ubao wa pasi ni mwembamba, kilti ni pana, na sehemu iliyoning'inia ilikuwa inavuta kwa uzito wake na kuyapindisha marinda niliyokuwa nayanyoosha. Siku hizi naweka kiti kila upande. Ukikosa viti, fanya juu ya kitanda chenye godoro gumu na blanketi.

Watu huniuliza kuhusu siki. Ndiyo, mafundi wengi hutia siki nyeupe kidogo kwenye maji ya kulowesha kitambaa cha pasi, wakisema inalikaza rinda. Sufu haiogopi asidi kidogo, kinachoiumiza ni vitu kama magadi na sabuni kali za kufulia. Kwa hiyo siki haina dhara, ila chumba kitanuka kachumbari. Mimi natumia kwa kilti zilizokataa kabisa, nikishajaribu kwanza kwenye kona ya ndani kuona kama rangi inatoka.

Nikiwa na ile sindano mkononi nilijiuliza sana nani aliyeanzisha mateso haya, na jibu ni kwamba mwanzoni marinda hayakuwa yameshonwa kabisa. Vazi la watu wa nyanda za juu za Uskoti mwishoni mwa karne ya 16 lilikuwa shuka moja kubwa. Mtu alilikusanya kwa mikono kuwa mikunjo, akajifunga mkanda kiunoni, sehemu ya juu akaitupia begani. Mmasai angemwelewa mara moja. Usiku akaifungua na kulala nayo kama blanketi, kesho akaikunja upya. Marinda ya siku moja. Kipande cha chini peke yake kilikuja mwanzoni mwa karne ya 18, na kushona mikunjo ikae kukafuata mwishoni mwa karne hiyo. Katikati ya hapo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746, baada ya uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart kushindwa, ikawakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa nguo hizo. Kosa la kwanza, miezi sita jela. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Wanajeshi waliomtumikia mfalme walisamehewa, kwa hiyo ilipofutwa mwaka 1782, jeshi lilikuwa limeitunza kilti muda wote huo. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akaja Edinburgh akiwa ameivaa mwenyewe, na kuanzia hapo mabwana wa mjini, ambao babu zao waliwadharau watu wa milimani, wakaanza kuitafuta kwa mafundi.

Jeshi nalo liliilipia. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uskoti waliingia nazo kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Yadi zote zile zilinyonya maji na matope mpaka zikawa mzigo, baridi ikigandisha pindo likawa linawakata nyuma ya magoti, na chawa wakapata marinda, yaani nyumba yenye vyumba vingi na joto. Askari walikaa wakipitisha moto wa mshumaa kwenye mikunjo kuwaunguza. Kila ninapokaribia kunung'unika kuhusu marinda ishirini na saba, nawakumbuka wale. Mwaka 1940 kilti iliondolewa rasmi kwenye uwanja wa vita.

Turudi kwenye utunzaji, maana msimamo wangu sasa ni huu: kilti nyingi zinapigwa pasi mara nyingi kupita zinavyohitaji. Ukiivua usiku, ining'inize kwa vibanio kiunoni, vinne siyo viwili, mahali penye hewa, na usiifungie kabatini mpaka jasho likauke. Uzito wake wenyewe utafanya kazi. Kama imekunjamana kidogo, itundike bafuni mtu akiwa anaoga maji ya moto, kisha iache ikauke bila kuguswa. Brashi laini kutoka juu kwenda chini inatoa vumbi. Doa lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu siku ileile. Kufua nguo nzima ni jambo la nadra sana, na ukilazimika, unapiga bandi kwanza, unaizamisha kwenye beseni kubwa la maji baridi na sabuni ya sufu, huisugui, hukamui kwa kunyonga. Hata ukiipeleka kwa dobi wa kisasa wa kufua kwa dawa, ipeleke ikiwa na bandi. Mimi nimepokea kilti kutoka kwa dobi asiyejua, ametengeneza marinda mapya katikati ya yale ya zamani, hamsini na zaidi, yote yamenyooka vizuri kabisa. Nililia kidogo.

Na kukaa. Mwanaume aliyekulia kwenye suruali anajitupa kitini. Nawafundisha mlangoni, wazee kwa vijana: kabla ya kukaa, kiganja kipite nyuma kuyasawazisha marinda kwa chini, kama mwanamke yeyote mwenye sketi anavyofanya bila kufikiri. Bwana harusi mmoja aliifanyia mazoezi kwenye kiti chetu mara sita huku marafiki zake wakimrekodi. Ile pini ya mapambo ya mbele inashika kipande cha juu tu. Ukiunganisha vyote viwili, siku utakayopanda ngazi kwa haraka utasikia kitambaa kinachanika.

Safari: usiikunje. Yalaze marinda yote sawasawa, ivingirishe kuanzia upande mmoja kama jamvi, uichomeke ndani ya mguu wa soksi ndefu za kike zilizokatwa. Inatoka kwenye sanduku kama ilivyoingia. Niliwaonyesha wadogo zangu kwenye video wakadhani natania.

Adui wa kweli ni nondo. Mdudu mzima hali kitu, mabuu yake ndiyo yanayoila ile keratini, na yanapenda zaidi palipo na jasho au tone la mchuzi. Marinda ni giza na utulivu, ndiyo mahali pazuri pa kutagia. Mama alinitumia karafuu za Pemba kwenye kifurushi, na chumba chetu cha nyuma kikanukia kama sanduku la bibi harusi. Mama mzee alifurahi akaongeza mbao zake za mwerezi. Ila harufu haiui mabuu yaliyokwishaanguliwa. Kilti unayoishuku unaifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, unaiweka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo itatoka jasho. Friji ya duka letu ina maziwa ya chai juu na kilti chini.

Niliporudi Tanga likizo nilikuta pasi ya mkaa imestaafu, iko juu ya kabati, jogoo ameota kutu. Mtoto wa kaka, yuko darasa la tano, alikuwa na sketi ya bluu ya marinda. Nikaona bahati iliyoje. Jumapili jioni nikamwita, nikatoa uzi mweupe na sindano ndefu niliyobeba kutoka Glasgow, nikampigia sketi bandi safu tatu, rinda kwa rinda, nikimweleza habari za keratini. Nikaiweka chini ya kitambaa chenye unyevu, pasi ya umeme, bila kuburuza, nikatandika kibao cha mbuzi ya nazi juu yake ipoe. Saa moja na nusu.

Aliisubiri kwa adabu. Kisha akasema, "Shangazi, hii ni polista."

Nikaisoma lebo. Ni polista. Marinda yake yalichomwa kwa joto kiwandani, hayakumbuki wala hayasahau, yapo tu, na pasi kali zaidi ya pale ingeyayeyusha. Hata kilti nyingi za kukodisha za bei nafuu ziko hivyo, nami mwenyewe ndiye ninayewaonya wateja.

Jumatatu mvua ilimkuta njiani kutoka shule. Aliianika. Usiku nikamsikia ananyanyua kona ya godoro. Asubuhi akaichomoa, akaikung'uta mara moja, marinda yakashuka yamenyooka wembe, akaivaa, akanitazama, akasema, "Shikamoo shangazi," akaenda zake.